Neno Nililoandika Juu ya Mzee Nzowa

Iyunga, Mbeya
Jumapili, baada ya ibada

Binti yangu Tusajigwe,

Mambo ya blanketi, sabuni, na nani wa kumsalimu ukishuka Iringa, mama yako amekwisha kukuambia, na kwa jinsi ninavyomsikia huko jikoni bado anakuambia. Mimi sitayarudia. Nimekaa hapa mezani kwa sababu lipo jambo nililokuficha miaka yote hii, na kesho asubuhi ukishapanda basi sitapata nafasi ya kulisema. Hata ningeipata, sidhani kama ningeweza. Kinywa changu ndicho kilichokosa, basi leo afadhali mkono useme.

Unakumbuka tulivyohama nyumba ya boma? Ulikuwa darasa la tatu. Tuliwaambia watu kwamba baba amechoka na kazi ya ukalimani, anataka kulima viazi vyake kwa amani. Nawe ukawaambia wenzako shuleni hivyo hivyo, tena kwa fahari, nami nilikusikia nikanyamaza. Si kweli, mwanangu. Sikuchoka. Niliondolewa. Nataka ujue sababu, maana unakwenda kusomea uuguzi, na huko utafanya kazi niliyoifanya mimi ingawa hawataiita kwa jina hilo. Mgonjwa atalalamika kwa Kihehe au Kibena, daktari atauliza kwa Kiingereza, na katikati yao utasimama wewe.

Nilianza kazi hukohuko Iringa, wakati wa vita vya Hitla, kabla hujazaliwa. Nilikuwa kijana mwembamba wa Kinyakyusa, nimevaa kaptula iliyopigwa pasi, sijui Kihehe zaidi ya salamu yao, “kamwene.” Siku moja Bwana Shauri wa huko, Mzungu wa serikali aliyeamua mashauri, aligombana na jumbe mmoja, mzee wa Kihehe, juu ya watu wa kufyeka barabara. Jumbe alisema watu wako shambani, hawatoki mpaka wamalize kuvuna. Bwana Shauri akawa mwekundu, akaniambia, “Tell him he is pig-headed.”

Neno hilo, ambalo maana yake ni mkaidi tu, nilikuwa sijalisikia. Lakini pig nililijua, na head nililijua, nikayaunganisha. Nikasema kwa sauti mbele ya baraza zima, “Bwana anasema una kichwa cha nguruwe.”

Yule mzee akanitazama mimi, hakumtazama Mzungu. Kisha akasema taratibu, “Mwambie asante. Nguruwe wa porini ni mnyama mwenye akili. Katika shamba zima anajua viazi viko wapi, na anajua saa ambayo mwenye shamba amelala.”

Baraza likaangua kicheko. Bwana Shauri akaniuliza wanacheka nini. Nami, kwa hofu, nikamjibu, “Wamefurahi, Bwana. Wanasema umenena vema.” Akacheka naye. Jumbe akacheka. Kila mtu akaenda nyumbani akiwa radhi, na watu walitoka kufyeka barabara baada ya mavuno, kama mzee alivyosema tangu mwanzo.

Jioni ile rafiki zangu walinisifu sana. Nikajiona mtu mwenye hekima. Nilijifunza siku ile kwamba aliye katikati anaweza kulainisha maneno yakipita, akayapunguza hapa na kuyaongeza pale, na pande zote mbili zikamshukuru. Hilo ndilo somo baya kuliko yote niliyopata kujifunza, na nililipata katikati ya kicheko.

Baadaye nikahamishiwa Mbeya, nikamwoa mama yako, ukazaliwa wewe. Nikawa na daftari dogo la maneno. Nililiandika kutoka kamusi ya misheni, ukurasa kwa ukurasa, kila jioni. Kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kutafsiri ugomvi, maneno niliyoyapenda yalikuwa ya ugomvi. Kiingereza kina maneno mengi ya mtu asiyekubali. Stubborn ni la kila siku, hata punda huambiwa. Headstrong huambiwa kijana wa nyumba njema, na ndani yake mna sifa kidogo, kama unavyomsema ng'ombe dume. Obstinate ni la ofisini, lina tai shingoni. Nilikuwa nikiyatamka peke yangu njiani kwenda kazini, na nilipopata nafasi ya kulitumia jipya mbele ya Mzungu nilisikia raha ya ajabu, kama mtu aliyevaa viatu vipya kanisani. Alikuwapo karani mwenzangu, Ambakisye, ambaye alikuwa akinicheka. “Wewe,” alisema, “siku moja utapata neno zuri, halafu utamtafuta mtu wa kumbandika.”

Ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka ule picha ya Mfalme ilikuwa imeteremshwa ukutani na ya Malkia imetundikwa. Ilikuja amri ya makinga maji, kwamba kila anayelima mlimani achimbe matuta ya kukata mteremko, maji yasichukue udongo. Amri yenyewe haikuwa mbaya. Mahali pengi iliponya mashamba, nami nimechimba matuta hayohayo hapa kwetu. Tulipanda milimani na Bwana Shamba, kijana Mwingereza mwenye bidii, tukaenda kijiji kwa kijiji, yeye na kamba na vigingi vyake, mimi na daftari langu. Siku ya nne tukafika kwa Msafwa mmoja, Mzee Nzowa. Shamba lake la maharage na mahindi lilikuwa limening'inia juu mlimani, na chini yake zilikuwa nyumba tano au sita.

Mzee Nzowa alimsikiliza Bwana Shamba mpaka mwisho. Kisha akasema hapana.

Hakujua Kiswahili sawasawa. Kisafwa chake mimi nilikisikia nusu tu, kwa hiyo alijikaza kuniambia kwa Kiswahili, na maneno yake nayakumbuka yote, hata leo nikiwa nalima yananijia. Alisema, “Hii mlima inakunywa maji. Si kama ile ingine. Ukifunga maji hapa, inaingia ndani, inakaa kwa tumbo yake. Tumbo ikijaa, mlima inatapika. Babu yangu aliona. Mimi sichimbi hapa. Kule ng'ambo nitachimba, hata leo.”

Bwana Shamba akanigeukia. “What does he say?”

Mwanangu, nitakueleza sawasawa kilichokuwa moyoni mwangu, maana nimekuwa na miaka ya kukichunguza. Kwanza, nilikuwa nimechoka, na viatu vimenikata. Pili, nilimdharau. Mzee anasema “mlima inatapika,” mimi nina daftari la Kiingereza cha kamusi! Niliona haya kusimama mbele ya Mzungu niseme habari za tumbo la mlima. Nilidhani atanicheka mimi. Na tatu, jambo ambalo ni aibu kuliko yote: lile neno obstinate nilikuwa nimelipata wiki ileile, nalo lilikuwa linaniwasha ulimini.

Nikasema, “He refuses, sir. He is obstinate.”

Bwana Shamba akainua nyusi, akapendezwa na Kiingereza changu. Akauliza kama mzee ametoa sababu. Nikajibu, “He gives no reason.” Akaniambia niandike. Nikaandika hivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri.

Lile neno likatembea kuliko miguu yangu. Likaenda kwenye faili, faili likaenda kwa Bwana Shauri wa Mbeya, likarudi kwenye baraza la mtemi, na kila aliyelisoma hakuwa na haja ya kumwuliza mzee kitu kingine. Ukishaambiwa mtu ni mkaidi, umepewa ruhusa ya kutomsikiliza. Mzee Nzowa akafungwa miezi miwili. Watu wa kijiji wakaamriwa wachimbe matuta katika shamba lake, wakachimba, yakanyooka vizuri kama mistari ya daftari la shule.

Mvua za masika zikaja. Siku moja mchana, mvua imeanuka na jua limetoka, mkewe Mzee Nzowa, jina lake Rahel, alikuwa chini ya shamba lile anapalilia maharage. Waliokuwa ng'ambo walisema hawakusikia kishindo kikubwa, walisikia kama mtu anayevuta pumzi. Kisha upande mzima wa mlima ukashuka. Nyumba mbili zilifukiwa, kwa rehema ya Mungu hazikuwa na watu, wote wako mashambani. Rahel walimpata siku ya pili.

Bwana Shauri mwenyewe alikwenda mazikoni, nami nikamfuata, maana nilikuwa mkalimani. Mzee Nzowa aliletwa na askari wa jela, akiwa bado katika nguo za mfungwa. Hakulia. Alisimama mbele ya udongo ule mwekundu, akautazama kama mtu anayesoma barua.

Bwana Shauri akamsogelea. Hakuwa mtu mbaya, Tusajigwe, usinisikie namna hiyo. Aliniambia, “Mwambie nina huzuni. Halafu mwulize: je, alijua kwamba mlima ungeweza kuanguka?”

Nikamwuliza. Mzee akageuza uso akanitazama, akajibu kwa utulivu kabisa, “Nilimwambia Bwana. Wewe ulikuwapo. Nilisema tumbo ikijaa mlima inatapika. Mwambie tena.”

Mwambie tena. Alinipa nafasi ya pili, na hakujua kwamba ananipa. Aliamini kuwa nilikwisha kusema mara ya kwanza na Wazungu ndio waliokataa. Nami nilisimama pale, kaburi liko wazi, nikamgeukia Bwana Shauri nikasema:

“He says it is the will of God.”

Bwana Shauri akavua kofia. Akainamisha kichwa kwa muda mrefu. Na Mzee Nzowa, alipoiona ile kofia ikitoka, alidhani maneno yake yamefika. Akanitikisia kichwa. Akanishukuru, mwanangu. Kwa Kisafwa chake, polepole, akanishukuru.

Nimeacha kalamu kidogo nikatoka nje. Sasa nimerudi.

Baada ya siku ile nilikaa karibu mwaka mzima bila kusema. Mama yako aliona. Nilikuwa nakukaripia wewe na wadogo zako bila sababu, na kanisani sikuweza kusogea mezani pa Bwana. Akaniuliza, nikamweleza. Hakunipigia kelele. Alisema, “Basi nenda ukaseme.” Nikamwambia mambo ya serikali hayaendi hivyo, faili limefungwa, Rahel hatafufuka, na wewe na wadogo zako mtakula nini. Kila alipoanza habari ile nilikuwa na jibu. Siku moja akaniambia, “Mume wangu, yule mzee alisema hapana akiwa na sababu moja. Wewe una sababu kumi. Nani mkaidi hapo?” Nikamkasirikia, nikatoka nikaenda kulala kwa Ambakisye.

Kilichonivunja ni karatasi. Bwana Shamba alikuwa anapandishwa cheo, nami nikapewa kunakili taarifa yake kwa taipu. Iliandikwa kwamba huyu kijana ni resolute. Maana yake ni mtu wa nia imara, asiyeyumbishwa. Neno zuri, hata mimi nililipenda. Kama mfano, taarifa ilitaja jinsi alivyoshikilia mpango wake wa makinga maji ingawa wenyeji walipinga. Karatasi ile ilikuwa katika faili lilelile. Nikafunua nyuma kurasa chache, nikaona mwandiko wangu: obstinate, gives no reason. Watu wawili walisimama kwenye shamba moja, siku moja, kila mmoja amekataa kusogea. Aliyekosea amepewa neno la kumpandisha cheo. Aliyekuwa sahihi amepewa neno la kumfunga, na aliyempa ni mimi.

Nilitazama maneno yale yote ya daftari langu kwa macho mengine. Yote yanaanzia mahali pamoja: mmoja amesema njoo, mwingine hakuja. Hakuna hata moja linalosema kwa nini hakuja.

Siku ya Jumamosi nikapanda mlimani peke yangu. Mzee Nzowa alikuwa amejenga upya ng'ambo ya pili. Nilimkuta anapasua mianzi ya kujengea kihenge. Nikapiga magoti nikamweleza lote, tangu viatu vilivyonikata mpaka mapenzi ya Mungu. Hakuacha kupasua mianzi. Nilipomaliza akauliza, “Hiyo neno ya Kizungu uliyosema juu yangu, inaitwaje?”

“Obstinate.”

“Obusitineti,” akasema. Akalirudia tena, kama mtu anayeonja chakula kigeni. “Neno refu. Ilikuwa refu hivyo, lakini nafasi ya maneno yangu haikuwapo ndani.”

Nikamwomba msamaha. Akasema, “Msamaha si kitu cha kunywa leo na kuondoka. Kule juu, kwa ndugu wa Rahel, wamewekewa vigingi wiki hii. Mlima ni ileile. Nenda useme kwanza. Msamaha tutaongea baadaye.”

Jumatatu nikaingia kwa Bwana Shauri, nikasema. Alisikiliza amesimama. Akauliza, “Na pale kaburini?” Nikamwambia maneno halisi ya mzee. Uso wake ulibadilika, nikajua kwamba anaikumbuka ile kofia. Akaniuliza kwa nini. Nikajibu, “Niliogopa, Bwana, na kabla ya kuogopa nilijivuna.” Alikaa kitini. Kisha akaniambia nikae kwenye taipu, niandike kwamba mwenyeji Nzowa alitoa sababu, na sababu ni hii. Nikaandika tumbo la mlima kama lilivyo, belly, bila kulipamba. Ikawa barua yangu ya mwisho pale bomani.

Vigingi vya kule juu viling'olewa wiki ile, na mteremko ule umeachwa msitu mpaka leo. Nyumba za ndugu wa Rahel zipo. Mimi nilipewa mwezi mmoja wa kuhama. Ambakisye alichungulia faili langu akaniambia nimeandikwa misguided. Hilo nalo nalijua. Ni mtu aliyepotea njia kwa kukosa wa kumwongoza. Linatamkwa kwa huruma, kama kumpapasa mtoto kichwani. Ningependa kama wangeandika mwongo. Mwongo ni mtu mzima.

Sasa nije kwako, maana bado nina jambo moja.

Mwaka jana ulipomkataa yule mwalimu aliyekuja kukuposa, nilikuita mkaidi mbele ya wazee wetu na wa kwao. Hata ile methali ya mkaidi na siku ya Idi niliitaja, nikaona nimenena. Wewe ulisema, macho chini, “Baba, nilimwona akimpiga mtoto darasani mpaka damu, na hakuacha.” Ulisema. Nimekumbuka baadaye kwamba ulisema. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kusikia sitaki, na baada ya hapo masikio yangu yakafungwa. Mimi! Baada ya Rahel! Mtu anaweza kulipa gharama yote ya somo, na bado asubuhi moja akaamka hajui kitu. Nisamehe, mwanangu. Sitakuambia uharakishe. Mzee Nzowa amenifundisha kwamba jambo hili lina majira yake.

Kwake naenda kila mwaka wakati wa kupanda, namsaidia siku mbili tatu. Mwaka wa tatu alinipa uji kwa kibuyu chake mwenyewe. Nikaunywa, tukarudi shambani. Juma lililopita nilipanda nikamwambia kwamba binti yangu anakwenda kusomea uuguzi. Akasema, “Rahel mgongo wake ulimuuma miaka mingi. Alikwenda hospitali mara tatu. Kila mara waliandika kwenye karatasi, wakafunga. Alikuwa ananiuliza njiani, wameandika nini juu yangu? Mimi nasema sijui. Mpaka amekufa hajui.”

Nimeshuka mlimani na swali hilo la Rahel. Nimekuletea wewe.

Huko utapewa kalamu na karatasi za wagonjwa. Yatakuwapo maneno mazuri ya Kiingereza ya mwanamke anayekataa dawa na mzee asiyekubali kukatwa mguu, na utakuwa umechoka, na viatu vitakuwa vimekukata. Andika utakachoandika. Lakini kabla hujafunga karatasi, mwanangu, vuta kigoda ukae, umsomee mwenyewe, kwa lugha yake, ulichoandika juu yake. Kisha mtazame usoni, umngoje ajibu.

Ni mimi niliyekuzaa na ninayejivunia kukuona ukiondoka,

Baba yako,
Lusekelo